Mwenyekiti Aliyehamia Mkiani

Kwenye mazishi yake walisimama watu na suti zao wakasema alikuwa mpenda mazingira. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na wanawake wa jumuiya, na nilitaka kusimama nipige kelele. Mpenda nini? Yule mzee hakuwa mpenzi wa kitu. Alikuwa mtu wa kuchukia. Alichukia uchafu kwenye maji namna wengine wanavyomchukia mwizi, kwa jina, kwa sura, hadi nyumbani kwake. Kumwita mpenda mazingira ni kumvalisha kofia ya harusi maiti.

Basi nitamweleza mimi, nikiwa na hasira hivi hivi, maana nikingoja ipoe nitazikwa nayo. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mtanisamehe nikirukaruka.

Tulimwita Mwenyekiti. Si wa mtaa, wala wa chama. Wenyeviti hao tunao, wanakuja wanaondoka, na wengine ukiwauliza mfereji uko wapi watakuonyesha bomba la jirani. Huyu alikuwa mwenyekiti wa mfereji wetu hapa Sekei, ule wa udongo, uliochimbwa na wazee kabla mji haujatukuta. Unachota maji mtoni huko juu, unapita kwenye migomba, unapita nyuma ya nyumba za watu na chini ya kuta za magorofa, halafu unafika kwangu. Kwangu ndipo mkiani. Nikishamaliza mimi, maji yanarudi mtoni na kuendelea na safari yake.

Kazi ya mwenyekiti wa mfereji ni kugawa zamu za maji na kusimamia siku ya kuzibua. Wengine kabla yake walikuwa wanagawa zamu na kunywa pombe ya mbege, basi. Yeye alikuwa anatembea. Kila asubuhi utamwona na mabuti yake ya mpira, ameyapaka mafuta ya kula hadi yanang'aa kama ya askari wa gwaride, na koti ambalo sijawahi kuliona likifuliwa. Ndiyo, huyo mpenda usafi. Koti lake lilikuwa linasimama lenyewe. Mke mwenzangu, Mungu amrehemu, alikuwa anasema Mwenyekiti akining'iniza koti hahitaji msumari. Nilimwuliza siku moja kwa nini halifui. Akaniambia, "Mama Naserian, nikilifua, hilo povu lote linakwenda kwako. Unalitaka?" Nikasema hapana. "Basi nyamaza, nikae na uchafu wangu mwenyewe."

Ndivyo alivyokuwa anafikiri. Uchafu ulikuwa na mwenyewe. Haukuwa kitu cha kutupa, ulikuwa kitu cha kukaa nacho mpaka ujue utaufanyaje.

Kwa ng'ombe alikuwa mpole, hili lilikuwa linanishangaza. Ng'ombe akinyea pembeni ya mfereji anasema, "Hayo ni majani tu, yamepitia tumboni." Lakini mama mmoja mpangaji alimwaga beseni la sabuni ya unga humo, akatukanwa hadi akaita mume wake. Mume akatoka na kifua wazi. Mwenyekiti akamgeukia na yeye akamtukana, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, halafu akawauliza wote wawili kama wana chai. Wakampa. Akanywa vikombe viwili, akamwonyesha yule mama mahali pa kumwagia, kwenye shimo la migomba, akaondoka. Alikuwa hivyo. Anakuchanachana halafu anakaa kwenye kiti chako.

Sasa niwaeleze desturi yetu, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kilichompata.

Maji yakimfikia mtu wa mkiani yakiwa machafu, mtu huyo ana haki ya kuchota ndoo moja na kupanda nayo. Anapita geti kwa geti kufuata mfereji. Kila getini anatua ndoo, na mwenye nyumba anatoka kunawa uso kwa maji hayo hayo mbele ya watu. Ukinawa umesema, mbele ya Mungu na majirani, kwamba uchafu huu si wako. Ukikataa kunawa, basi tumekujua. Na ukinawa halafu ikaonekana ulikuwa wako, adhabu yake ni moja tangu enzi za babu zetu: unaondolewa kwenye zamu yako, unapelekwa mkiani. Unakuwa wa mwisho. Unakunywa walichokuachia wengine.

Watu wa kuja wanatucheka. Mpangaji mmoja, kijana wa kompyuta, aliniambia, "Bibi, si upeleke tu maabara?" Nikamwambia maabara haina aibu, mwanangu. Uso una aibu.

Mwenyekiti alikuwa ananawa wa kwanza daima, hata kama ndoo haijafika kwake. Alikuwa anajivunia huo uso. Tena kwa kiburi, nisimpake asali.

Kingine kilichowafanya watu wamwone kama amechanganyikiwa ni habari za bahari. Ujanani alifanya kazi ya kukata mkonge kule Pangani, kabla hajarudi kuoa. Aliona mto unavyoingia baharini. Akauliza mto huu unatoka wapi, wakamwambia unatoka kwenu huko mlimani. Nadhani hakupona tangu siku ile. Kwenye kila mkutano wa mfereji, tukiwa tumekaa kwenye ukumbi wa kanisa tunangoja uji, atasimama aanze: haya maji yakitoka kwa Mama Naserian yanarudi Themi, Themi inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, bwawa linakaa nayo kidogo halafu linayaachia, yanashuka hadi Pangani. "Mnafikiri mkiani ni kwa huyu mama? Huyu mama ni tumbo! Mkia uko baharini."

Hapo vijana wanaanza. "Mwenyekiti, pweza wamekutuma?"

"Wamenituma," anajibu. "Wanauliza chupi yenu ilipotea wapi, wameiona."

Ukumbi unacheka, na yeye hacheki. Alikuwa anaeleza kuhusu wanawake aliowaona kule, maji yakipwa wanashuka na vijiti kwenye miamba kutafuta pweza, miguu mitupu, wakichokoa mashimo, watoto mgongoni. "Yule mwanamke hana geti la kupandia na ndoo," anasema. "Akitaka kupanda atapanda mpaka lini? Ndiyo maana mnamnyea. Kwa sababu hawezi kufika."

Sijawahi kuiona bahari mimi. Mbali nilipofika ni Moshi, kwenye msiba. Lakini huyo mwanamke wa pweza nilikuwa namwona kabisa, kama jirani wa ng'ambo.

Tukija kwenye masika ndipo hasira yangu inapopanda. Mnajua kinachofanyika. Msijifanye. Mvua ikianza kunguruma kule Meru, watu wazima wenye akili zao, wengine wazee wa kanisa, wanashika nondo na sururu wakatoboe ukuta wa shimo la choo. Kutapisha, ndivyo tunavyoita, utafikiri ni choo kinachoumwa. Mvua ni kubwa, nani ataona? Na mvua inayachukua kweli. Inayapeleka. Asubuhi mtaa umeoshwa, kila mtu anamsifu Mungu kwa mvua.

Mwenyekiti siku za mvua alikuwa anatembea na mwavuli wa maua wa marehemu mkewe, ananusa. Akinusa anasimama getini kwako hapo hapo.

"Hodi. Mvua hii imewatapisha?"

"Hapana, Mzee, ni harufu ya mtoni."

"Mto haujala ugali, mama. Fungua geti."

Alichukiwa, na nitasema ukweli, wakati mwingine hata mimi nilimchoka. Ukiwa na njaa ya usingizi wa mchana, hutaki mtu anayepiga makelele juu ya choo cha jirani. Lakini ngoja niwaulize nyie mnaosoma, hasa nyie wa ofisini: huu mji umejenga magorofa mangapi kabla haujajua utakunya wapi? Bomba la majitaka limepita barabara kubwa, likaishia kwa wenye barabara. Huku vichochoroni tumeachiwa mashimo. Gari la kunyonya haliingii, kichochoro chembamba, na likiingia ni ghali. Halafu anakuja bwana afya kijana, anapiga picha na simu, anasema "tutalifanyia kazi", anaingia kwa huyo huyo mwenye choo kula nyama. Kazi ameshaifanya. Nyama imeisha.

Nimeondoka kwenye njia. Narudi.

Ilikuwa kiangazi, ndiyo maana nilishtuka. Nilimpeleka ng'ombe kunywa asubuhi, akainamisha kichwa, akapuliza pua, akarudi nyuma hadi akanikanyaga. Ng'ombe ambaye anakula hadi mfuko wa rambo! Nikatazama. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyolala, yana povu, na harufu sitaieleza. Nikachota ndoo, nikajitwisha, nikapanda.

Geti la kwanza wakanawa. La pili wakanawa, yule baba akitema mate. Nikafika kwa Mwenyekiti nikiwa nimeshafuatwa na watu. Hata sijatua ndoo vizuri, mzee ameshakunja mikono ya lile koti. Akachota kwa viganja vyote viwili. Akanawa uso, akapitisha kwenye ndevu, akapitisha shingoni. "Kwangu hapana," akasema kwa sauti ya kusikika. "Twende juu tumtafute huyo mbwa."

Juu ya kwake palikuwa na gesti. Na gesti ilikuwa ya mwanawe.

Alimjengea kijana wake kwenye kiwanja hicho hicho, sehemu ya juu ya migomba. Gorofa tatu, vioo vya bluu, kila chumba na choo chake. Mzee mwenyewe alikuwa anakaa nyuma, kwenye ile nyumba ya zamani. Tukapita ukuta wa gesti. Upande wa juu wa ukuta ule maji yalikuwa meupe, unaona hadi changarawe. Chini yake yananuka. Mwenyekiti akashuka mferejini na mabuti yake, akainama, akaingiza mkono chini ya ukuta kwenye majani makavu ya migomba yaliyokuwa yamerundikwa vizuri mno. Akakaa hivyo ameinama.

Halafu akasema, "Ni vuguvugu."

Bomba lilikuwa nene kama paja langu. Wageni walikuwa wanaoga asubuhi.

Kijana wake akaitwa. Kijana ninasema mimi, ni mtu na kitambi chake, shati jeupe, simu mbili. Akanisalimia vizuri, "Shikamoo yeyo," yaani mama kwa Kimaasai, nikaitikia. Baba yake akanyoosha mkono kwenye ndoo.

"Nawa."

"Baba, haya ni maji ya choo."

"Ya choo cha nani?"

Akatazama watu. "Baba, tuongee ndani. Wageni wanasikia."

"Wageni ndio wamekunya. Waache wasikie."

"Shimo limejaa! Nifanyeje? Nimeomba kuunganishwa na bomba kubwa, naambiwa subiri. Gari halipiti. Niwafukuze watu vyumbani? Hii gesti ndiyo inayosomesha wajukuu wako. Na kila mtu anafanya hivi, baba, wewe ndiye hutaki kuona. Hizo hoteli za chini unafikiri zinapeleka wapi?"

Nitamtendea haki: katika hayo, mengi yalikuwa kweli. Ndicho kinachoniudhi zaidi. Mtu anaweza kusema kweli kumi mfululizo huku bomba linamwaga nyuma yake.

Mzee akamjibu kwa sauti ndogo, na sisi tuliomzoea akipiga kelele tuliogopa. "Nimenawa mimi. Mbele ya hawa. Umeniacha ninawe."

Hakunawa yule kijana. Akaingia ndani akafunga mlango.

Wiki ile mzee aliziba bomba mwenyewe, magunia na saruji. Vyoo vya chini vikarudisha, wageni wakahama na masanduku yao, kijana akaita fundi akazibua. Mzee akaziba tena. Fundi akazibua tena, safari hii akajengea na chuma. Baba na mwana walikuwa wanapishana pale ukutani bila salamu, mmoja na ndoo ya saruji, mwingine na fundi.

Ndipo akaitisha mkutano. Akasimama mbele na yale mabuti, akasema tu, "Nilinawa. Adhabu mnaijua. Naachia kiti, nakwenda mkiani."

Watu wakakataa. Mzee mwenzake mmoja akasema, "Wewe hukujua, bwana! Aliyefanya ni mtoto."

"Niliapa bila kuangalia. Niliwafukunyua nyie wote miaka yote, kwangu sikuinama. Nani mwenye kosa?"

"Sasa nani atatutukana?" mwingine akauliza. Watu wakacheka, lakini nusu yao walikuwa wanafuta macho.

Tulidhani ni adhabu ya zamu tu, kwamba atachukua maji wa mwisho. Kumbe yeye alikuwa na maana ya mwili mzima. Jumamosi nikamwona getini kwangu na toroli, kitanda, godoro na ule mwavuli wa maua.

"Mama Naserian, nipe pale kwenye zizi la mbuzi."

"Utalala na mbuzi?"

"Wahamishe mbuzi. Wao hawajakosa."

Akajenga chumba cha mbao na mabati, mlango ukitazama mfereji. Mtaani wakaanza kunitania, Mama Naserian amepata mchumba uzeeni, tutakula wali lini. Nikawaambia mje na sahani mnuse kwanza. Kwa sababu harufu ilikuwa inaingia ndani kabisa. Mimi nilikuwa na maji ya bomba siku yakitoka, nikamwambia achote. Akakataa. Anachota mferejini, anachuja kwa kitambaa, anachemsha na kuchemsha, kuni zinaisha. "Kwani nimekuja hapa kupumzika?" Tumbo likawa linamsumbua. Alikonda. Nilimgombeza kila siku na alikuwa anafurahia kugombezwa, nadhani alikuwa amekosa kelele.

Habari zikamfikia kijana wake, kwamba baba yako anakunywa unachomshushia. Sasa nawaambia alichofanya, na huyu ni mtu aliyesoma. Alikuja mchana, mvua ndogo, na pikapu yake imejaa katoni za maji ya chupa. Zile nzuri, zenye kifuniko cha bluu. Akazishusha mwenyewe, akazipanga mlangoni kwa mzee hadi zikafika kiunoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nimekuletea maji ya kunywa. Zikiisha nitaleta nyingine. Kila wiki nitaleta, usiwe na wasiwasi."

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda. Akazitazama zile katoni. "Na bomba?"

"Bomba tunalishughulikia, baba. Kidogo kidogo."

"Unalishughulikia."

"Ndiyo. Lakini kwanza afya yako."

Mimi nilikuwa nachambua maharage kibarazani, nikaacha. Mzee alinyanyuka, akachana katoni ya juu, akatoa chupa, akafungua. Nikafikiri anakunywa, nikasema moyoni, asante Mungu. Akasogea ukingoni akaimwaga yote mferejini. Akafungua ya pili, akaimwaga.

"Baba! Unafanya nini?"

"Mimi umeniletea," akasema, huku anamwaga. "Yule anayenifuata ana mtoto mwenye pikapu?" Akafungua nyingine. Vidole vyake havikuwa na nguvu tena, vifuniko vilikuwa vinamshinda, lakini hakuomba msaada. "Tangu hapa hadi baharini kuna watu. Wape na wao. Peleka katoni kwa kila mmoja. Au funga."

"Baba, haya maji hayabadilishi kitu. Unaona? Yanapotea tu humo."

"Naona. Ndivyo na mimi nilivyokuwa nakwambia."

Kijana akanigeukia. "Yeyo, mwambie basi!" Nikamwambia sina la kumwambia, mimi ni mtu wa mkiani.

Alimwaga katoni nzima, mvua ikimnyeshea kichwani, na maji yale ya dukani yakaingia kwenye ule uchafu wa gorofa tatu yakawa uchafu. Alipomaliza akaokota chupa tupu moja moja, akakung'uta, akampa mwanawe mikononi. Kijana alizipokea, nadhani bila kufikiri, mtu akipewa kitu na baba yake anapokea. Zikajaa mikononi hadi kidevuni. Moja ikamponyoka ikabiringika kuelekea majini. Mzee akaiwahi kwa buti, akainama, akaiweka juu ya zile nyingine.

"Hizi rudi nazo wewe," akamwambia. "Zisije zikafika kule na zenyewe."